Dereva wa lori unayevuka mpaka mara ya kwanza: anzia uwanja wa kupakia, si getini

Safari yangu ya kwanza ya nje nililala mpakani siku tatu kwa ajili ya tarakimu moja. Kwenye sili, yaani kile kifungo chenye namba kinachofunga mlango wa kontena, ilisomeka 7, kwenye karatasi mtu alikuwa ameandika 1. Sili haikuwa imeguswa na mzigo ulikuwa kamili, lakini aliyesaini karatasi ile wakati wa kupakia ni mimi, na nilisaini bila kuisoma. Ndiyo maana hatua ninazokaa nazo sana hapa ni zile za kabla hujawasha gari.

Hatua ya 1: Weka karatasi kwenye mafaili matatu

Kwa afisa wa mpakani, wanaovuka ni watatu: wewe, gari na mzigo. Kila mmoja ana karatasi zake na dirisha lake. Ukizichanganya kwenye bahasha moja utahangaika mbele ya dirisha huku foleni nzima ikikuguna.

Faili lako lina pasipoti ambayo muda wake haujakaribia kwisha, viza kama inatakiwa, na leseni ya daraja la gari unaloendesha. Kama unakokwenda hawaitambui leseni yako, ongeza kibali cha kimataifa cha udereva, na ujue kibali hicho hakina kazi bila leseni yenyewe. Nchi zinazodai chanjo ya homa ya manjano zitaomba cheti chake, nacho huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usingoje kuchomwa asubuhi ya safari. Wapo wanaodhani bado kinakwisha baada ya miaka 10. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ilibadilika Julai 2016, na sasa cheti ni cha maisha. Ukikutana na mtu wa namna hiyo mweleze kwa upole.

Faili la gari lina kadi ya usajili ya kichwa na ya tela, kila moja peke yake, barua ya mwenye gari inayokuruhusu kulitoa nje, kibali cha kusafirisha mizigo nje ya nchi, na bima. Bima ya nyumbani mara nyingi huishia mpakani. Ulaya na majirani zake wana kadi ya kijani, nchi za COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, wana kadi ya njano. Kwingine unanunua bima ukifika. Uliza mapema uko kundi gani.

Faili la mzigo ndilo nene: ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, tamko la forodha, cheti cha asili ya bidhaa, na vibali vya pekee kama umebeba chakula, dawa, mimea, wanyama au kemikali. Mzigo wa transiti, yaani unaopita tu nchini kwenda nchi nyingine, unaongeza hati ya dhamana ya forodha (ahadi kwamba kodi italipwa mzigo usipotoka), au kaneti ya TIR, kijitabu cha dhamana kwa nchi zilizo kwenye mkataba wa TIR wa 1975.

Piga picha za kila karatasi, uzihifadhi kwenye simu na umtumie bosi wako.

Hatua ya 2: Soma namba kwa kidole

Usione aibu. Weka kidole kwenye karatasi, nenda kwenye gari, linganisha tarakimu moja moja.

Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Ile ya mwisho, ambayo mara nyingi imechorewa kisanduku, hupatikana kwa hesabu ya zile zilizotangulia, hivyo ukikosea tarakimu moja kompyuta nayo kwa kawaida inagoma. Ukimaliza hapo angalia namba ya sili, ya kichwa na ya tela (tela hubadilishwa dakika za mwisho na karatasi zikabaki na ile ya zamani, nimeona mara nyingi), kisha uzito na idadi ya vifurushi.

Kama mzigo unapakiwa mbele yako, hesabu. Kama umekuta kontena limeshafungwa, andika kwenye hati ya shehena kwamba hukuhesabu, ndipo usaini. Mkataba wa CMR wa 1956, unaotawala uchukuzi wa barabarani kati ya nchi nyingi, unasema wazi: hati isiyo na pingamizi la mchukuzi inachukuliwa kuwa mzigo ulipokelewa kamili na ukiwa na hali nzuri kwa nje. Mwenye mzigo atanuna. Mwache anune.

Tazama pia paleti. Zile za mbao ghafi zinatakiwa kuwa na mhuri wa suke la ngano na herufi IPPC, alama kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu. Zisipokuwa nao, shehena nzima inaweza kurudishwa hata kama bidhaa hazina kasoro.

Hatua ya 3: Mpigie wakala wa forodha

Muulize kama tamko limeshaingizwa, namba yake ni ipi, kodi na ada amelipa nani, na nani atakupokea kila upande. Akikujibu "wewe njoo tu," usiondoke. Ni nafuu kulala uwanjani kuliko mpakani.

Hatua ya 4: Simama kabla ya kufika

Kagua sili, turubai, juu ya kontena na chini ya tela. Watu hujificha humo, na wakikutwa wewe ndiye wa kwanza kuhojiwa. Kifurushi cha "nipelekee tu kwa shemeji" kikatae, hata anayekupa awe dereva mwenzako.

Hatua ya 5: Mpakani

Kwanza unatoka, halafu unaingia: uhamiaji na forodha za nchi unayoiacha, kisha za nchi unayoiingia. Penye kituo cha pamoja yote hufanyika upande mmoja. Angalia saa za kazi za pande zote mbili. Nchi jirani zinaweza kupishana saa nzima, ukagongewa mhuri wa kutoka na kukuta upande wa pili wamefunga.

Vishoka watakukimbilia kabla hujazima injini. Karatasi zako zishike mwenyewe, mpe wakala uliyetajiwa tu. Malipo yoyote yawe na risiti. Ukiombwa pesa isiyo na risiti, usibishane. Omba risiti, na umpigie bosi ukiwa palepale.

Sili usiikate wewe, hata ukiambiwa. Afisa akiikata kukagua, simama uangalie. Akimaliza ataweka nyingine: hakikisha namba mpya imeandikwa kwenye hati, na saini na mhuri wake vipo. Bila hivyo, mizani ya kwanza utakayoikuta mbele utaonekana umefungua mzigo njiani.

Hatua ya 6: Ukishavuka

Egesha pembeni usome ulichogongewa. Mhuri wa pasipoti una siku zake na kibali cha muda cha kuingiza gari kina siku zake, na hazilingani kila mara. Mzigo wa transiti huwa na njia iliyopangwa, usikate mkato. Sheria nazo zimebadilika. Kwenye Umoja wa Ulaya, kwa mfano, ukiendesha jumla ya saa 4 na nusu lazima upumzike dakika 45. Kama huku wanapita upande mwingine wa barabara, hatari kubwa ni unapotoka kituo cha mafuta asubuhi na barabara haina magari, kwa sababu mkono unakwenda wenyewe ulikozoea.

Hatua ya 7: Kurudi

Gari tupu nalo hukaguliwa. Hakikisha kibali cha muda cha gari kimefungwa kwenye mfumo wakati wa kutoka, na kwamba hati ya transiti imegongwa ulikoshusha. Isipofungwa, mwenye dhamana anadaiwa kodi ya mzigo wote, na simu ya kwanza atapigiwa dereva. Nakala yenye mhuri usimwachie mtu. Yangu huwa inakaa nyuma ya kiti hadi ofisi iseme dhamana imerudi.