Kuanzisha makazi mapya kwa fedha kidogo baada ya kutengana

Watu wawili wanapotengana, vyombo vinaweza kugawanywa katikati lakini gharama za maisha hazigawanyiki hivyo. Kodi iliyokuwa moja huwa mbili, majokofu huwa mawili, na bili ya umeme katika kila nyumba haishuki hadi nusu kwa sababu tu wakazi wamepungua. Ndiyo maana mtu anayeanza upya huona kipato kilichomtosha jana hakimtoshi leo, ingawa hakijapungua hata kidogo. Mwongozo huu unafuata utaratibu mmoja: hesabu kwanza, kisha nyumba, kisha kugawana vilivyopo, na kununua mwisho kabisa. Wengi huanza na kununua, kwa kuwa kitu kipya ndani ya chumba kitupu huleta faraja ya haraka, na hapo ndipo fedha huvuja.

Hesabu mbili zisichanganywe

Chukua karatasi na uigawe sehemu mbili. Upande mmoja andika gharama za mara moja, yaani amana ya nyumba, kodi ya miezi inayodaiwa mwanzoni, usafirishaji wa mizigo, kuunganishiwa umeme na maji, kitasa kipya, na vitu vichache vya kuanzia maisha. Upande wa pili andika gharama zitakazorudi kila mwezi: kodi, umeme, maji, chakula, nauli, ada na mahitaji ya watoto, bima na marejesho ya mikopo. Tatizo huzaliwa pale mtu anapoitazama akiba aliyo nayo mkononi na kuchagua nyumba kwa kuitegemea hiyo, ilhali akiba itamwingiza tu ndani ya nyumba. Kodi ya mwezi wa sita italipwa na kipato chake.

Tuseme wawili walikuwa wakiingiza 100 kwa mwezi, mmoja 60 na mwingine 40, na kodi yao ilikuwa 30, chini kidogo ya theluthi ya kipato cha kaya nzima. Mwenye 40 akihamia nyumba ya kodi ya 20 atadhani amejibana, kwa kuwa 20 ni ndogo kuliko 30, kumbe amejiongezea mzigo, maana sasa nusu nzima ya kipato chake inaishia kwa mwenye nyumba. Kanuni inayotajwa mara nyingi ni kwamba kodi isizidi theluthi ya kipato. Kwa mtu aliyetengana kanuni hiyo wakati mwingine haitekelezeki, na hakuna haja ya kujilaumu kwa hilo. Lakini ukiivuka, andika mapema ni gharama ipi nyingine itakayobanwa ili kufidia, na uandike kabla ya kutia sahihi mkataba.

Fedha za matunzo ya watoto zinahitaji uangalifu wa pekee. Kama wewe ndiye utakayezipokea na bado hazijaanza kuja kwa utaratibu unaoaminika, chagua nyumba kana kwamba hazipo. Zikija zitakuwa nafuu, na zisipokuja hutafukuzwa. Kama wewe ndiye utakayezitoa, ziondoe kwenye kipato kabla ya kuanza hesabu nyingine yoyote.

Deni la pamoja nalo haliishi kwa sababu wahusika wameachana. Makubaliano kati yenu kwamba fulani ndiye atakayelipa mkopo hayamfungi mkopeshaji, ambaye ataendelea kumdai kila aliyetia sahihi. Vivyo hivyo, katika nchi nyingi wapangaji walioingia mkataba mmoja wanaweza kudaiwa kodi yote, kila mmoja kwa ukamilifu wake, hata yule aliyekwisha kuhama. Kwa hiyo ukiondoka, omba jina lako liondolewe kwenye mkataba wa zamani kwa maandishi, na uwasiliane na benki kuhusu akaunti ya pamoja: ifungwe, au iwekewe sharti la sahihi mbili.

Nyaraka kabla ya mizigo

Kitanda kinaweza kufuatwa baadaye, ila hati iliyopotea husumbua kwa miezi. Beba vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vyako na vya watoto, cheti cha ndoa, hati za mali, mikataba, kadi za matibabu, vyeti vya elimu na taarifa za benki za miezi ya karibuni, au angalau nakala zake. Badilisha nywila za barua pepe, simu na huduma za fedha, kwa kuwa simu iliyounganishwa na akaunti ya familia inaweza kuendelea kuonyesha mahali ulipo na ununuzi wako. Angalia pia jina la mnufaika kwenye bima na akiba ya uzeeni.

Kwa anayetoka kwenye nyumba yenye ukatili, utaratibu ni mwingine: nyaraka, dawa, watoto na usalama wake ndivyo vitangulie, na mazungumzo ya kugawana vyombo yasifanyike ana kwa ana bila mtu wa tatu. Jokofu lolote linaweza kuachwa.

Nyumba yenyewe

Nyumba ya bei ya chini iliyo mbali na kazi au shule inaweza kuwa ghali kuliko ile iliyoonekana kukushinda, kwa hiyo jumlisha kodi na nauli ya mwezi kwa kila nyumba unayoifikiria, na ulinganishe jumla hizo. Uliza pia kama mita ya umeme na ya maji ni yako peke yako au mnashirikiana na wengine, kwani mita ya pamoja huleta bili usiyoweza kuidhibiti na ugomvi usiokuwa na mwisho.

Unapokagua, fungua mabomba yote kwa wakati mmoja uone kama msukumo wa maji unabaki, vuta maji chooni, chungulia chini ya sinki, tazama pembe za dari na nyuma ya makabati kama kuna ukungu, na unuse. Ukuta uliopakwa rangi mpya sehemu moja tu unastahili kuulizwa swali. Hesabu soketi na uzijaribu kwa chaja ya simu. Rudi mara ya pili baada ya jua kutua, maana usalama wa njia, kelele za majirani na mwanga wa ngazi havionekani mchana.

Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha kila kasoro, pamoja na namba zinazosomeka kwenye mita, kisha orodhesha kasoro hizo kwenye karatasi itakayotiwa sahihi na pande zote mbili. Amana yako itategemea karatasi hiyo siku utakapohama. Omba ruhusa ya kubadilisha kitasa cha mlango mkuu, kwani hujui wapangaji waliotangulia walichonga funguo ngapi.

Kugawana vilivyopo

Hapa ndipo penye akiba kubwa kuliko mahali pengine popote, na ndipo watu wanapopoteza zaidi kwa sababu ya uchovu au hasira. Vitu vipimwe kwa gharama ya kupata kingine leo, wala si kwa bei iliyolipwa zamani au kwa aliyekichagua dukani. Kochi lililonunuliwa kwa fedha nyingi linaweza kuachwa bila hasara kubwa, kwa sababu mtu anaweza kukaa kwenye kiti cha kawaida mwaka mzima. Jokofu, jiko, godoro zuri au mashine ya kufulia huacha pengo linalogharimu fedha kila wiki. Ukilazimika kuchagua kati ya televisheni kubwa na jiko, chagua jiko.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau kabisa. Vitu vidogo, yaani visu, vijiko, mikasi, sufuria, mashuka, taulo, ndoo, vibanio vya nguo, nyundo na waya wa kuongezea soketi, kimoja kimoja ni vya bei ndogo, lakini vikijumlishwa vinaweza kufikia bei ya kitanda na meza. Nyumba iliyokaa miaka kadhaa huwa navyo maradufu. Pendekeza kwamba kila kilicho zaidi ya kimoja kigawanywe, na uanze na makabati ya jikoni na ya mashuka kabla ya kufika sebuleni. Pendekezo hilo halileti ubishi kama ule wa vitu vikubwa, na faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Makubaliano yaandikwe, na picha za vitu zihifadhiwe. Kabla ya kudai samani yoyote, chukua futikamba upime mlango, ngazi na chumba cha nyumba mpya, kwa kuwa kabati lisilopita mlangoni litalipiwa usafiri mara mbili. Kitu ambacho kukisafirisha kunagharimu zaidi ya kukinunua kilichotumika, kiache.

Kununua kwa mpangilio wa siku

Ifuate siku moja ya maisha yako tangu unapoamka, na kinachokukwamisha ndicho cha kununua. Kwa kawaida wiki ya kwanza inahitaji mahali pa kulala, shuka na kitu cha kujifunika, taa, pazia au kitambaa dirishani, ndoo na beseni, sabuni, ufagio, sufuria moja au mbili, kisu kikali, ubao wa kukatia, na sahani na vikombe kwa idadi ya wanaoishi humo. Baada ya hapo simamisha ununuzi kwa mwezi mmoja. Katika mwezi huo utagundua kwamba baadhi ya ulivyodhani ni vya lazima hujavikumbuka hata mara moja, na kwamba unahitaji sana kitu ambacho hukukiwaza, pengine meza ndogo au tenga la nguo chafu. Chumba kitabaki kitupu kwa muda, na wageni watakiona kitupu. Hilo halimdhuru mtu.

Samani za mbao zilizotumika ndizo zenye faida kubwa, mradi uzikague. Zitikise uone kama viungo vimelegea, vuta kila droo, na utafute vitundu vidogo vyenye unga laini chini yake, dalili kwamba wadudu wanabungua mbao ndani kwa ndani. Godoro ni afadhali liwe jipya, hata likiwa jembamba, kwa kuwa kunguni wanaweza kukaa miezi kadhaa bila kunyonya damu wakisubiri kwenye mishono. Nguo na mashuka yaliyotumika yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 za selisiasi, joto linaloua kunguni na mayai yao, ikiwa kitambaa kinalihimili.

Jokofu lililotumika lionwe likiwa limewashwa na limeshapoa. Bana karatasi kati ya mlango na fremu, kisha uivute. Ikitoka bila upinzani wowote, raba ya mlango imechoka na umeme utapotea saa 24 kwa siku. Likisafirishwa limelazwa, lisimamishe saa kadhaa kabla ya kuliwasha ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Usemi wa rahisi ni ghali hauhusu viti na meza, lakini unahusu sana vifaa vya umeme. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hutumia uniti 9 kwa siku 30, ambapo balbu ya LED ya wati 9 hutumia chini ya uniti moja na nusu kwa muda huohuo. Hita ya wati 2,000 humaliza uniti 2 kila saa moja. Kifaa ambacho waya wake umechubuka au plagi yake imeungua kisinunuliwe kwa bei yoyote.

Mikopo ya samani ina mtego wake. Kitu cha 100 taslimu kikiuzwa kwa marejesho 12 ya 11, utakuwa umelipa 132, karibu theluthi zaidi, na marejesho hayo yataingia kwenye ile hesabu ya kila mwezi ambayo tayari imebanwa. Ukilazimika kukopa, kopa kwa ajili ya jokofu au jiko, mapambo yasubiri.

Watoto wenye nyumba mbili

Mtoto anayekuja siku chache kwa wiki hahitaji chumba kilichojaa, ila anahitaji mahali pake panapojulikana: kitanda au godoro lake, droo moja, mswaki, nguo za kulalia na vifaa vya kuandikia vinavyobaki hapo. Kumbebesha mkoba wenye kila kitu kila safari huishia kwa vitu kusahaulika na wazazi kulaumiana. Shindano la kuwa na nyumba yenye vitu vizuri zaidi ni la gharama kubwa, na linamfundisha mtoto kudai. Makabati marefu yafungwe ukutani kwa vyuma, kwa sababu mtoto mdogo hupanda droo zikiwa wazi na kabati humwangukia.

Mwezi wa tatu

Bili za kweli zikishafika mara mbili au tatu, irudie ile karatasi na uweke namba halisi mahali pa makadirio. Gharama zikizidi kipato, punguza kwanza zile zinazojirudia kimyakimya, kama vifurushi vya intaneti na ada za huduma mlizokuwa mkishirikiana. Zikiendelea kuzidi, tatizo huenda ni nyumba yenyewe, na hapo soma kwenye mkataba ni siku ngapi kabla ya kuhama unapaswa kumpa mwenye nyumba taarifa, umpe kwa maandishi, na uanze kutafuta nyingine wakati amana yako ingali salama na hujaanza kudaiwa kodi.