Jinsi ya Kuchagua Mafunzo na Kuomba Leseni ya Daraja E ya Malori Ukiwa Dodoma

Anayetaka kuendesha semi, yaani lori lenye kichwa cha kuvuta na tela, aanze kwa kuhesabu miaka kabla hajaanza kutafuta chuo. Kwa utaratibu wa leseni wa Tanzania, magari makubwa ya mizigo huendeshwa na mwenye daraja E, na daraja hilo halitolewi kwa mtu ambaye hajakaa na daraja D kwa muda usiopungua miaka 3. Kwa hiyo kijana wa Nkuhungu au Kibaigwa anayepata leseni yake ya kwanza akiwa na umri wa miaka 18 hawezi kuomba daraja E kabla ya kutimiza miaka 21, hata kama anaijua gia ya lori tangu akiwa mtoto kwenye yadi ya mjomba wake.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza muda bila kujua. Daraja B humruhusu mtu kuendesha gari dogo lisilo la biashara, ilhali daraja D ndilo linalogusa magari ya kazi ambayo si makubwa wala ya abiria. Mtu akienda kwenye shule ya udereva na kusema tu kwamba anataka leseni, anaweza kuandikiwa daraja B peke yake, akaendesha gari la familia kwa miaka mitatu akiamini anajongea kwenye lori, kisha akaambiwa dirishani kwamba hesabu yake ya daraja D bado haijaanza. Siku ya kujiandikisha tamka wazi kwamba unataka B na D kwa pamoja, na uhakikishe kwamba fomu imeandikwa hivyo kabla hujaweka sahihi.

Hatua za leseni ya kwanza nitazipitia kwa haraka kwa kuwa zinafahamika. Mwombaji awe na namba ya NIDA na namba ya utambulisho wa mlipakodi, ambayo hutolewa bila malipo na Mamlaka ya Mapato, TRA. Hupata leseni ya kujifunzia, husoma katika shule iliyosajiliwa, hupimwa macho, kisha hufanyiwa majaribio na askari wa usalama barabarani. Akifaulu hupewa cheti cha umahiri, nacho ndicho anachokwenda nacho TRA ili achukuliwe alama za vidole, picha na sahihi. Malipo yote hufanyika kwa namba ya malipo, kwa benki au kwa simu, na hakuna hatua hata moja inayomtaka mwombaji amkabidhi mtu fedha mkononi. Katika mwaka wa fedha 2019/20 muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka 3 hadi 5, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Kiasi utakacholipa wewe ni kile kinachosomeka kwenye namba ya malipo siku hiyo, si kile unachotajiwa na mtu aliyesimama nje ya geti.

Miaka mitatu ya kusubiri isipite bure. Tafuta kazi ya kuendesha pikapu au gari dogo la mizigo, hata kama ni la kupeleka saruji Mtumba au kukusanya alizeti vijijini, kwa sababu tajiri wa malori atakuuliza umewahi kubeba nini, na jibu la kwamba umekuwa ukisubiri leseni halimridhishi.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wa mafunzo yenyewe. Kwa mkazi wa kanda ya kati njia ni nne, nazo hazilingani.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ambayo makao yake makuu yapo hapa Dodoma, ina vyuo vya mikoa vinavyofundisha udereva, na chuo chake cha Kihonda mkoani Morogoro kina jina kwa mafunzo hayo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, maarufu kama NIT, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kilichopo Mabibo jijini Dar es Salaam, hutoa kozi za madereva wazoefu, zikiwamo za magari ya abiria na za magari makubwa ya mizigo. Vyeti vya vyuo hivi viwili ndivyo ambavyo kampuni nyingi za usafirishaji huvitambua bila kuuliza swali la pili. Gharama kubwa kwa mtu wa Dodoma mara nyingi huwa ni chumba na chakula kuliko ada, kwa hiyo ulizia tarehe za kozi mapema na upange malazi kabla hujaacha kazi uliyonayo.

Njia ya tatu ni shule binafsi za hapa mjini. Zipo nzuri, lakini hapa nataka mwombaji awe mkali. Mimi nililipa ada ya magari makubwa katika shule moja ambayo sitaitaja, nikafundishwa kwa wiki mbili juu ya Fuso fupi lisilo na tela, nikapewa cheti kizuri chenye mhuri. Siku ya kwanza ya kazi niliambiwa nirudishe semi kwenye ghala, nikalikunja tela hadi likakaribia kuvunja taa ya nyuma ya kichwa cha lori, na utingo aliyekuwa anapigwa jua nyuma akaacha kuniongoza akakaa chini. Cheti kilikuwa mfukoni muda wote huo.

Kwa hiyo usiulize ada kabla hujaomba kuonyeshwa gari. Je, shule ina kichwa na tela lake, au inakodi siku ya mtihani tu? Je, mwanafunzi mmoja hukaa kwenye usukani kwa saa ngapi kwa juma, na wanafunzi wangapi wanagawana gari hilo? Je, kuna uwanja wa kurudi nyuma? Simama uwanjani asubuhi moja utazame wanavyofundisha. Mwalimu anayejua kazi atamwambia mwanafunzi ashike usukani kwa chini, kwa sababu ukishika chini, upande unaosogeza mkono ndio upande ambao mkia wa tela utakwenda. Ukishika juu, kila kitu kinakuwa kinyume na akili inavurugika. Atamfundisha kusubiri upepo wa breki ujae kwenye matangi kabla ya kuondoa gari, kuunga mpira mwekundu na wa njano wa upepo wa tela mahali pake, na baada ya kuunga tela, kuvuta kidogo kwa gia nzito huku breki za tela zikiwa zimeshika, ili ajue kwamba limenasa kweli. Atamweleza pia kwa nini gia ya kuteremkia Mlima Sekenke huchaguliwa juu, kabla ya mteremko, badala ya kukanyaga breki njiani hadi zinatoa moshi. Usipoona hata mojawapo ya mambo haya uwanjani, ondoka na fedha zako.

Shule nzuri hufundisha mizani pia, na kwa dereva wa ushoroba wa kati jambo hili si la pembeni. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ekseli (mhimili wa magurudumu) ya usukani hubeba tani 8, ekseli mbili za nyuma za kichwa hubeba tani 18, na ekseli tatu za tela hubeba tani 24, hivyo semi la ekseli sita halipaswi kuzidi tani 50, na ukomo wa juu kwa gari lenye ekseli nyingi zaidi ni tani 56. Chukua semi lililobeba mifuko 600 ya mbolea ya kilo 50 kwenda Kahama. Mzigo ni tani 30, na jumla ya gari inaweza kuwa ndani ya kiwango. Lakini wapakiaji wakiirundika mifuko mbele ya tela, ekseli za kichwa zitazidi, nalo gari litazuiwa kwenye mizani ya Nala huku karatasi zote zikiwa safi. Anayesimamia upakiaji ni dereva. Anayeulizwa mizani pia ni dereva.

Njia ya nne ni ya utingo, ambayo madereva wengi wa zamani waliipitia. Siidharau, kwani utingo hujifunza kufunga turubai, kubadilisha tairi, kusoma sauti ya injini na kuwajua watu wa njiani, mambo ambayo hakuna chuo kinachoyamaliza. Tatizo ni pale dereva anapochoka usiku baada ya Manyoni na kumwachia usukani. Asiye na leseni ya daraja husika anavunja sheria, na likitokea la kutokea, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Kwa maoni yangu njia bora ni kuchanganya: kaa utingo wakati unasubiri miaka ya daraja D, kisha nenda VETA au NIT ukiwa na maswali ya kweli, maana katika kozi fupi anayefaidi ni yule anayejua tayari asichokijua.

Ukimaliza kozi, maombi ya daraja E hufuata mkondo huu. Andaa leseni yako iliyo hai, cheti cha kozi ya magari makubwa na nakala zake, majibu ya kupimwa macho, na kitambulisho cha NIDA. Peleka maombi kwa kikosi cha usalama barabarani cha mkoa, ambako taarifa zako zitakaguliwa kwenye mfumo, ikiwamo tarehe uliyopata daraja D, kisha utapangiwa siku ya majaribio mbele ya mkaguzi wa magari. Ni lazima majaribio yafanyike kwenye gari la daraja unaloomba, kwa hiyo kubaliana na shule mapema kuhusu gari litakalotumika na nani analipia mafuta. Ukifaulu, kamilisha TRA kwa kulipia namba ya malipo na kuongezewa daraja. Kama leseni yako imebakiza miezi michache kwisha, uliza kwanza kama ni nafuu kuhuisha na kuongeza daraja kwa wakati mmoja.

Usisahau LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Sheria yake ya mwaka 2019 iliipa mamlaka hiyo kazi ya kusajili wahudumu na kuthibitisha madereva wa vyombo vya usafiri wa kibiashara. Makao makuu yake yapo hapa jijini, hivyo mkazi wa Dodoma hana sababu ya kutegemea uvumi wa stendi.

Anayelenga safari za nje aongeze pasi ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ajizoeze pia kwa akili jambo ambalo vyuo vingi hulitaja kwa sentensi moja tu: ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kuingia Burundi, unahamia upande wa kulia wa barabara, na tela lako linahama nawe.

Siku ya kuchukua leseni usiondoke dirishani kwa furaha. Linganisha tahajia ya jina na ile ya NIDA, angalia tarehe ya kwisha, na uhakikishe kwamba E imeongezwa na D haijaondolewa. Kosa likionekana ukiwa bado umesimama pale, lirudishe papo hapo kwa mhudumu yuleyule aliyekukabidhi.