Mtoto Mwenye Usonji Anayejigonga Kichwa: Kutafuta Sababu na Kumfundisha Kuomba

Mwongozo huu ni wa wenzangu ambao tayari mnawahudumia watoto wenye usonji: wataalamu wa tiba kazi na wa matamshi, wanasaikolojia, walimu wa elimu maalumu. Usonji ni nini mnajua, sitarudia. Nataka tushike kazi moja ambayo kozi nyingi za mwanzo huipitia juujuu: mtoto asiyeongea anapojigonga kichwa, kujing'ata au kupiga wengine, unafanya nini? Msimamo wangu ni kwamba tabia hiyo inamletea kitu. Usipojua inamletea nini, utakuwa unabahatisha, na mara nyingi utaikuza badala ya kuipunguza.

Hatua ya 1: Anza na mwili

Kabla ya jedwali lolote, mtoto aonwe na daktari. Meno yaliyotoboka, masikio yanayotoa usaha, choo kigumu, kiungulia, usingizi mbovu: mwenye maneno angesema "naumwa hapa", huyu anagonga. Choo kigumu ni tatizo la kawaida kwa watoto hawa, hasa wale wanaokula chipsi na biskuti tu, kwa hiyo uliza anapata choo mara ngapi kwa wiki na kikoje. Uliza pia habari za kifafa na dawa yoyote aliyoanzishwa karibuni.

Kuna mambo yakionekana mimi husimamisha kila kitu na kuandika rufaa: tabia imeanza ghafla, inatokea hata akiwa na kitu anachokipenda, anapiga upande uleule wa kichwa kila mara, au anajipinda mgongo baada ya kula.

Hatua ya 2: Eleza tabia hadi ihesabike

"Ana hasira" haihesabiki. "Msumbufu" ndiyo kabisa. Andika hivi: "Paji la uso au kisogo kinagusa ukuta, sakafu au meza kwa kishindo kinachosikika." Kisha wewe na mwenzako mtazame video ileile ya dakika 10, kila mmoja akihesabu peke yake. Gawanya hesabu ndogo kwa kubwa. Mkipata chini ya asilimia 80, maelezo yenu bado hayajakaa sawa, yaandikeni upya.

Kupunga mikono, kuzungukazunguka au kupanga vifuniko vya chupa msiviingize kwenye orodha ya kupunguza. Havimuumizi mtu. Watu wazima wenye usonji wamelalamika kwa miaka kuhusu tiba zilizowalazimisha wafiche mambo kama hayo, na mimi nakubaliana nao.

Hatua ya 3: Muulize anayeshinda naye

Anayemleta kliniki mara nyingi siye anayeshinda naye. Mtafute bibi, mtafute dada wa kazi. Swali langu la kwanza kwao huwa: "Ukitaka nione anajigonga sasa hivi, ungefanya nini?" Wanacheka kidogo, halafu wanajibu kwa uhakika ambao fomu yoyote ya maswali haitakupa.

Chukua mfano wa mvulana wa miaka 6, asiyeongea, anayelelewa na bibi mchana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, akianza kugonga huwa unafanyaje?"

"Nampa simu. Nimwache apasuke kichwa?"

Usimsahihishe bibi hapo. Amekupa nusu ya jibu, na ukimfanya ajione mkosaji hatakupa nusu iliyobaki. Mwachie jedwali la safu tatu: kabla, tabia, baada. Kama hasomi, dada aandike, au watume ujumbe wa sauti. Linaweza kurudi likiwa hivi:

Saa 1:20 asubuhi. Kabla: mama anachukua simu yake aende kazini. Tabia: analia, anagonga ukuta. Baada: bibi anampa simu ya kwake.

Saa 4:05 asubuhi. Kabla: dada anamwambia avae viatu. Tabia: anajing'ata mkono. Baada: viatu vinawekwa kando.

Saa 10:40 jioni. Kabla: simu imezima chaji. Tabia: anagonga sakafu. Baada: simu inachomekwa, anaendelea kuangalia ikiwa kwenye chaji.

Soma safu ya tatu kwanza. Kugonga kunaleta simu. Kujing'ata kunaondoa viatu. Ni mtoto mmoja, lakini ana tabia mbili zenye kazi mbili tofauti, na mpango mmoja hautatosha. Hapa ndipo wengi huteleza: wanaandika "kujiumiza" kama kitu kimoja, kisha wanashangaa mpango ukifanya kazi asubuhi na kukwama mchana.

Hatua ya 4: Jaribu dhana yako

Jedwali linakupa dhana tu. Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake nchini Marekani walichapisha utaratibu wa kuijaribu: mtoto anawekwa kwenye hali tofauti kwa zamu (akiwa peke yake, akipewa kazi, akijaliwa pale tu anapojiumiza, na akicheza huru), kisha inaangaliwa tabia inapanda wapi. Walikuwa na vyumba maalumu na wahudumu wa afya karibu. Wengi wetu hatuna.

Kwa hiyo fupisha. Mpe simu kwa dakika mbili, ichukue, washa saa. Pima sekunde zinazopita hadi dalili ya kwanza, siyo hadi kugonga. Karibu kila mtoto ana dalili inayotangulia: anaguna, anakaza shingo, anasogelea ukuta. Ukiiona tu, rudisha simu. Rudia mara chache, ukipishanisha na vipindi ambavyo simu anabaki nayo. Dalili zikija haraka kila simu inapochukuliwa, na zisije kabisa anapobaki nayo, una jibu bila mtoto kujigonga hata mara moja.

Pata idhini ya mzazi kwa maandishi, na kubalianeni mapema mtaacha lini. Anayejipiga machoni au aliyewahi kujipasua kichwa usimjaribu ukiwa peke yako kliniki. Huyo ni wa hospitali yenye timu.

Hatua ya 5: Chagua ombi

Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walifanya kazi na watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji. Waliokuwa wakisumbua kwa sababu kazi ni ngumu walifundishwa kusema "Sielewi", waliokuwa wakitafuta kujaliwa walifundishwa kuuliza "Nafanya vizuri?" Tabia ilishuka pale sentensi ilipolingana na sababu. Mtoto alipofundishwa sentensi isiyolingana na sababu yake, haikushuka. Ndiyo maana nimewachosha kwa hatua nne kabla ya kufika hapa.

Ombi, yaani njia mpya ya mtoto kupata kilekile ambacho tabia ilimletea, liwe jepesi kuliko tabia. Kama kugonga kunaleta simu kwa sekunde tatu, ombi linalohitaji kufungua begi, kutafuta kadi na kuibandika kwenye ubao litashindwa. Kwa mtoto wetu ningechagua kadi moja yenye picha ya simu, imening'inizwa kiunoni kwa kamba fupi. Kwa viatu, ishara ya kiganja wazi kumaanisha "ngoja kwanza". Ombi lieleweke na mtu yeyote, hata konda wa daladala, na neno linaloandikwa kwenye kadi liwe la lugha inayozungumzwa nyumbani.

Hatua ya 6: Fundisha

Mnahitajika watu wawili. Mmoja anakaa mbele ameshika simu, hasemi kitu. Wa pili anakaa nyuma na kuuongoza mkono wa mtoto kutoa kadi. Andy Bondy na Lori Frost walifanya mpangilio huu ujulikane kupitia mfumo wao wa kubadilishana picha. Kadi ikigusa mkono wa wa mbele, simu inatolewa papo hapo, na anataja: "Simu!" Baada ya nusu dakika zamu inaanza upya.

Mwanzoni ongoza mkono mara moja, kabla dalili haijaonekana. Kisha ngoja sekunde mbili, halafu tano, ili apate nafasi ya kuanza mwenyewe. Mtoto akivuta mkono wake, mwachie. Kulazimisha mkono hakuna nafasi hapa.

Akijigonga katikati ya zoezi, weka kiganja au mto kati ya kichwa na ukuta, usiseme neno, subiri utulivu wa sekunde chache, ndipo uongoze ombi. Ukiongoza kadi mara tu baada ya kugonga, unamfundisha mnyororo: gonga, toa kadi, pata simu. Na waambie wazazi mapema kwamba siku za mwanzo tabia inaweza kupanda kabla ya kushuka. Familia isiyoambiwa huacha siku ya pili.

Hatua ya 7: Kusubiri

Mipango mingi inafia hapa. Mtoto amejua kuomba, sasa anaomba simu kuanzia alfajiri hadi usiku. Bibi anachoka, anaipuuza kadi, na kichwa kinarudi ukutani kwa sababu ukuta haujawahi kupuuzwa.

Ombi likishakuwa imara, ongeza alama ya kusubiri. Anatoa kadi, unampa kipande chekundu, unahesabu sekunde mbili, unatoa simu. Kisha tano, kumi, ishirini. Ukifika sekunde thelathini mpe kitu cha kufanya mikononi, maana kusubiri mikono mitupu ni kugumu hata kwa mtu mzima. Dalili zikirudi, shuka kiwango kimoja. Kwa viatu ongeza kazi badala ya muda: kiatu kimoja ndipo kiganja kikubaliwe, baadaye viwili.

Hatua ya 8: Mfundishe bibi kwa vitendo

Eleza kwa dakika chache, onyesha, bibi afanye na wewe ukiwa "mtoto", mrekebishe, kisha afanye na mtoto ukitazama. Maelezo peke yake hayabadilishi mikono ya mtu. Shirika la Afya Duniani limejenga mafunzo yake ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 kwa mtindo huo, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yakiendeshwa na watu wasio mabingwa.

Kuhusu dawa: risperidone iliidhinishwa Marekani mwaka 2006, na aripiprazole mwaka 2009, kwa ukali na hasira za watoto wenye usonji. Zinaweza kumtuliza mtoto hadi mafunzo yawezekane, lakini hazimfundishi kuomba, na uzito huongezeka. Uamuzi ni wa daktari. Kazi yako ni kumpelekea grafu ya hesabu zako za tabia.

Wengi mnaniuliza kuhusu cheti cha BCBA, cha wataalamu wa uchambuzi wa tabia. Tangu Januari 2023 bodi ya Marekani inayokitoa inapokea waombaji wapya kutoka nchi chache tu, na zetu hazimo. Kinachowezekana kesho ni wenzako watatu au wanne, video moja kwa wiki yenye idhini ya mzazi, na kila mmoja kujaza karatasi ya hatua hizi huku akitazama. Anzeni na video ya hatua ya 6, na mtazame mikono ya mtu mzima kuliko ya mtoto.