Simbilisi sio mtoto wa sungura, acheni kumjazia bakuli la peleti

Wafugaji wa simbilisi (guinea pig), hasa nyie wa mjini mliowanunulia watoto keji moja na simbilisi wawili wa kuchezea, leo nawasema. Sigusi mambo ya banda wala maji wala kufagia, hayo mnayajua na wengine mnafanya vizuri tu. Shida yangu ni bakuli. Karibu kila nyumba ninayoitwa nakuta hali ile ile, bakuli la peleti za sungura, kile chakula cha dukani cha punje zilizoshindiliwa, limejaa mpaka linamwagika, pembeni kuna kipande cha mkate au kiporo cha ugali, nyasi hamna, au kuna kakonzi kamoja kwenye kona wamekalalia na kukakojolea, alafu mwenyewe ananiambia daktari huyu mnyama sijui kapatwa na nini, chakula kipo muda wote lakini anakonda, akishikwa na mtoto analia, na miguu ya nyuma kama anaiburuta.

Kapatwa na bakuli lako. Hicho ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Sikilizeni vizuri hapa manake ndo penye gharama. Sungura anajitengenezea vitamini C mwenyewe mwilini, kwa hiyo anayetengeneza chakula cha sungura hana sababu ya kuiweka, na haiweki. Simbilisi hawezi kuitengeneza, kama sisi binadamu tu, lazima aile kila siku, na mwilini haikai, aliyokula wiki iliyopita haimsaidii leo. Ukimkatia kabisa, wiki mbili hivi zinatosha dalili kuanza kutokea. Viungo vinavimba, mshike goti uone anavyoruka, manyoya yanakuwa magumu magumu yamesimama, fizi zinatoa damu, mate yanalowesha kidevu, na kwa sababu mdomo unauma anaacha kula, na akiacha kula meno yanazidi kurefuka manake ya kwake yanaota maisha yake yote na kinachoyasaga ni nyasi. Sasa mfugaji akiona amekonda anafanya nini? Anaongeza peleti! Na pumba juu yake!

Na kuna wale wenzangu wanaosema mimi nilipata peleti zenyewe za simbilisi, za nje. Sawa, lakini umenunuaje? Kama umepimiwa kilo mbili kutoka kwenye mfuko uliokaa wazi dukani karibu na mlango, jua linaupiga, na hakuna anayejua ulisagwa lini, hiyo vitamini C ulilipia jina tu. Hata kwenye mfuko uliofungwa vizuri ihesabu siku 90 tangu tarehe ya kutengenezwa, baada ya hapo usiitegemee. Joto, mwanga na unyevu vinaiua. Vile vile acheni kutia dawa ya vitamini kwenye maji ya kunywa, ndani ya saa chache nguvu imeshapungua, kwenye chombo cha chuma ndo inaisha haraka zaidi, na ladha ikibadilika mnyama anakataa maji, umeongeza tatizo la pili.

Angalieni kina bibi wa Mufindi na Njombe wanaofuga simbilisi jikoni, wanapita chini ya mafiga na uvungu wa kitanda. Bibi peleti hajawahi kuziona, ila kila jioni anarudi shamba na fungu la nyasi mbichi, majani ya mahindi, magamba ya kabichi, anawatupia chini wanakula. Wa bibi ni wadogo wadogo kweli, ila kuchechemea hivi kwa kiseyeye ni nadra uwakute nako. Wako wa keji ya laki ndo anaburuta miguu.

Haya vipimo, na naomba msikadirie kwa macho.

Nyasi ziwepo saa zote usiku na mchana, hapa hakuna kipimo, zikiisha weka, lundo lenye ukubwa wa mwili wake ndo la kuanzia kila siku. Nyasi za Rhodes zilizokaushwa kivulini zikabaki na rangi ya kijani ni nzuri sana, ukoka mbichi mzuri, majani laini ya mabingobingo sawa. Sio nyasi za mashine ya kukatia zilizolundikwa zikaanza kupata moto, na sio za kando ya barabara au za shamba lililopuliziwa dawa. Kama hajazoea mbichi mwanzishe kidogo kidogo kwa siku 7 mpaka 10 la sivyo atavimba tumbo. Ila mjue kwamba nyasi zikishakauka vitamini C karibu yote imeondoka, kwa hiyo kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zirudi, ndo kipindi ninachopigiwa simu nyingi, na ndo kipindi mboga haziruhusiwi kukosa hata siku moja.

Mboga ni kikombe kimoja cha chai kwa mnyama mmoja kwa siku, na ndani ya hicho kikombe lazima kuwe na kitu cha vitamini C. Simbilisi mzima anahitaji miligramu 10 mpaka 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, mwenye mimba mpe ile ya juu. Hoho la kijani lina kama miligramu 80 kwenye gramu 100, kwa hiyo gramu 25 mpaka 30, yani robo ya hoho la kawaida, inamtosha mnyama wa gramu 800. Jekundu lina zaidi. Sukuma wiki nayo inayo nyingi lakini ina kalsiamu, toa jani moja mara tatu kwa wiki, usifanye ndo chakula cha kila siku, vivyo hivyo mchicha, mawe ya kibofu yanaanzia huko. Pera lina vitamini C kuliko hata chungwa ila lina sukari, kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara mbili kwa wiki basi. Na ukate wakati wa kulisha!! Sio unakata Jumapili za wiki nzima unaweka kwenye kopo.

Peleti kwa mkubwa ni vijiko viwili vya chakula vya kufuta, yani gramu 15 mpaka 20 kwa siku, mara moja, zikiisha zimeisha hata akikupigia kelele. Hizi kelele ndo zinawaponza, ukifungua friji tu anaanza kulia wiii wiii na nyie mnamwonea huruma mnajaza. Wa chini ya miezi 6 na wenye mimba hao waacheni wale peleti bila kipimo na lusina (alfalfa) wanaweza kupata, mkubwa wa kawaida lusina asipewe kila siku, kalsiamu ile ile. Mkate, ugali, wali, maziwa, mahindi makavu, hapana. Parachichi hapana kabisa, nyama yake, ganda wala majani, nawaambia hasa watu wa Njombe na Rungwe ambako maganda yamezagaa kila mahali. Majani ya viazi na ya nyanya hapana, kitunguu hapana.

Sasa uzito. Huwezi kujua simbilisi anaumwa kwa kumwangalia, anaficha, ni mnyama wa kuwindwa huyu, akionyesha udhaifu porini analiwa. Kwa hiyo nunua mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, weka bakuli la plastiki juu yake, rudisha sifuri, muweke mnyama ndani, jani la kumtuliza libaki nje ya bakuli (sio ndani, mtu mmoja alikuwa anapima na hoho zima alafu anafurahi kaongezeka). Mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya mboga, andika kwenye daftari. Mkubwa wa kawaida anacheza kati ya gramu 700 na 1,200, madume ndo wazito, wetu wa kienyeji wanaweza kuwa chini kidogo ya hapo na sio ugonjwa, cha kufuata ni namba yake yeye ya kawaida. Ikipanda au kushuka gramu 20 au 30 usihangaike, ni mkojo na chakula cha tumboni. Ikishuka 50 pima kila siku. Ikishuka 100 ni daktari siku hiyo hiyo, manake gramu 100 kwa mnyama wa gramu 800 ni kama mtu wa kilo 70 apungue karibu kilo 9 ndani ya wiki, ungekaa nyumbani?

Kwa aliyenenepa, pitisha vidole ubavuni, mbavu uzihisi kwa kubonyeza kidogo tu, ukitafuta huzipati basi amezidi. Punguza peleti taratibu kwa wiki mbili mpaka nusu ya kipimo, nyasi usiguse, mpe nafasi ya kukimbia. Msimshindishe njaa! Simbilisi mnene akikaa na njaa mafuta yanakimbilia kwenye ini na anakufa haraka kuliko ungemuacha na unene wake. Na jike mwenye mimba hapunguzwi uzito hata awe mnene vipi, subiri azae.

Akiwa vizuri utaona tu, manyoya laini, mavi mengi magumu yaliyolingana.

Kwa yule mwenye dalili za kiseyeye tayari, mboga peke yake hazitoshi, kuna kidonge cha vitamini C cha watu, kile cha miligramu 100, robo yake imesagwa kwenye maji kidogo kwa bomba la sindano bila sindano, pembeni mwa mdomo, hiyo ni ya kuanzia wakati unatafuta daktari na yeye ndo atapandisha dozi. Kiwe cha C peke yake, sio multivitamini, vitamini A na D zikizidi zinamuumiza. Na tafadhali msikimbilie amoksilini ya mtoto iliyobaki kwenye kabati wala penisilini, zinaua bakteria wazuri wa utumbo wake na ndani ya siku chache unamzika. Asiyekula kabisa kwa saa 12 usisubiri kesho, mpigie daktari, na ukimpigia anza kumsomea uzito wa wiki tatu zilizopita kabla hujamwelezea kitu kingine chochote.