Kujenga kijumba juu ya trela hatua kwa hatua (na ile hesabu ya uzito usiyotakiwa kuiruka)

Juzi tumemaliza kijumba cha rafiki yangu, kabla ya hapo nilishajenga changu mwenyewe, kwa hiyo naandika sasa hivi wakati kila kitu bado kiko kichwani. Nachukulia kwamba msumeno, drili na pimamaji unavijua, hayo siyaelezi.

Hatua ya 1: Trela

Chukua trela jipya, la ekseli mbili (ekseli ni kile chuma cha chini kinachounganisha magurudumu ya kushoto na kulia), lenye breki zake lenyewe. Najua wapo wanaopenda kuokota chesisi (fremu ya chuma ya trela) ya zamani na kuichomelea, mimi siafiki kabisa, maana kutu ya ndani ya chuma huioni kwa macho na nyumba ikishakaa juu huwezi tena kukagua. Tafuta kile kibao kinachoonyesha uzito wa mwisho unaoruhusiwa, trela lenyewe likiwemo. Na kabla hujachora chochote jua vipimo vya barabara za kwenu: nchi nyingi za Ulaya ni upana mita 2.55 na kimo mita 4, Marekani majimbo mengi ni upana futi 8 na nusu na kimo futi 13 na nusu. Kimo kinahesabiwa kuanzia lami, sio kuanzia sakafuni.

Hatua ya 2: Uzito unakaa wapi

Hapa naomba utulie usome taratibu. Watu wengi wanahesabu uzito jumla tu, ukiwa chini ya kibao wanaona wamemaliza. Bado. Trela ambalo uzito umelalia nyuma litayumba barabarani hata kama jumla ni ndogo, na likianza kuyumba linaweza kupindua na gari linalolivuta.

Kijumba changu kilikuwa na jiko nyuma, tangi la maji la lita 200 nyuma, betri nazo nyuma, kwa sababu kwenye mchoro kulipendeza. Siku ya kwanza kukivuta, tulipofika spidi ya 60 nikaona kwenye kioo nyumba inatikisa mkia kushoto kulia na gari linaifuata. Ikikutokea usikanyage breki ya gari ghafla na usiongeze mafuta, toa mguu taratibu, shika usukani ubaki umenyooka, kama breki za trela zina swichi yake zibonyeze hizo peke yake.

Tukaenda kwenye mizani. Unapima mara mbili, tangi likiwa limejaa: kwanza magurudumu ya trela tu yawe juu ya mizani huku limeungwa kwenye gari, halafu litoe kwenye gari ulipime lote zima. Tofauti ya hizo namba mbili ndio uzito unaokandamiza gari pale linapoungwa. Inatakiwa iwe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote. Langu lilikuwa kilo 2,900 na pale mbele kilo 140 tu, haifiki hata asilimia 5.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo ningeifanya kwenye karatasi ningeokoa siku nyingi sana za kubomoa. Pima kutoka pale trela linapoungwa mpaka katikati ya ekseli (zikiwa mbili, katikati yao). Kwangu ni mita 5. Halafu kila kitu kizito: uzito wake, zidisha kwa umbali wake kutoka ekseli, gawanya kwa 5. Kikiwa mbele ya ekseli kinaongeza, kikiwa nyuma kinapunguza. Tangi la kilo 200 (lita moja ya maji ni kilo moja) likiwa mita 2 nyuma lilikuwa linapunguza kilo 80. Tukalileta nusu mita mbele ya ekseli, likawa linaongeza 20, yaani tumepata kilo 100 kwa kuhamisha kitu kimoja. Jiko na makabati yake, kama kilo 120, tukayatoa mita 2 nyuma tukayapeleka mita 2 mbele, hapo 96 nyingine. Betri nazo zikaenda mbele kabisa. Kupima tena: kilo 370 na kitu, karibu asilimia 13, na likatulia.

Mambo ya kuangalia hapo hapo:

- Tangi likae karibu na ekseli hata kama ungependa kulitumia kuongeza uzito wa mbele, maana maji yanaisha, na likiwa mbali kila ukioga mizani inabadilika.
- Soma kitabu cha gari. Kuna magari ambayo pale nyuma yanaruhusu kubebeshwa kilo 100 tu, hilo sio gari la kuvuta nyumba.
- Kushoto na kulia pia. Usijaze makabati yote upande mmoja.

Kwa rafiki yangu tulifanya haya yote kabla ya kukata ubao wa kwanza na hatukubomoa kitu.

Hatua ya 3: Sakafu na kuta

Fremu ya chini ifungwe kwenye chesisi kwa bolti, sio skrubu. Kuta tumia skrubu pamoja na gundi, misumari peke yake inalegea na mtikisiko wa barabara. Nje plaiwudi, ndani mbao nyembamba. Jipsamu sitaki hata kuisikia, ni nzito na inapasuka.

Hatua ya 4: Paa na madirisha

Mabati. Dirisha lizungushie utepe wa kuzuia maji, anza chini, halafu pembeni, malizia juu ili wa juu ulalie wa chini. Silikoni peke yake usiitegemee.

Hatua ya 5: Hewa, gesi, umeme

Nyumba ndogo inajaa unyevu haraka sana, kupumua na kupika tu kunatosha kulowesha kuta, weka feni ya kutoa hewa. Mtungi wa gesi ukae nje, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inajikusanya sakafuni unapolala. Umeme mpe fundi mwenye leseni.

Siku ya kuvuta, ukishatembea kama kilomita 50 simama ukaze nati za magurudumu tena.