Nguruwe wasifunguliwe wakati wa kiangazi

Kila mwaka, maharage yakishavunwa mwezi wa Juni, wafugaji wengi wa Kabare, Walungu na vilima vinavyouzunguka mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huwafungua nguruwe ili wajitafutie chakula hadi mvua za Septemba. Kosa hilo linaharibu kazi yote iliyotangulia ya kuwafuga bandani, kwa sababu nguruwe mwenye njaa hula kinyesi cha watu vichakani, na mtu mwenye tegu, yaani mnyoo bapa wa tumboni, hutoa humo pingili, vipande vya mnyoo huyo, ambazo kila moja inaweza kubeba mayai 50,000.

Mayai hayo yakiliwa na nguruwe hugeuka vifuko vyenye viluwiluwi vya tegu katika nyama yake, navyo huwa tayari kuambukiza baada ya miezi 2 hadi 3. Hesabuni wenyewe: aliyefunguliwa Julai, Desemba anachinjwa kwa sikukuu akiwa na vifuko vilivyokomaa. Anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu, maji au mboga, vifuko vinaweza kujijenga katika ubongo na kuleta kifafa, hata kwa mtoto ambaye hajaonja nyama ya nguruwe. Msiseme mmemfungua kwa siku moja tu. Pingili moja inatosha.

Ukuta wa banda ufike sentimita 120, na choo kiwe na mlango unaofungwa na kuta ambazo nguruwe hawezi kuzisukuma. Banda lililo chini ya choo libomolewe leo. Anayelisha anawe mikono kwa sabuni, wala majani ya viazi yasikatwe mahali watu wanapojisaidia.

Oksifendazoli, dawa ya kuua vifuko katika nguruwe, hutolewa mara moja kwa mdomo, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 1,500 kwa nguruwe wa kilo 50, naye asichinjwe kabla ya siku 21 kupita. Wapo wanaochinja juma linalofuata, jambo ambalo halikubaliki kabisa, na dawa hiyo si ruhusa ya kumfungua mnyama. Ulimi wa nguruwe usio na vinundu vya vifuko ni dalili njema, ingawa hauthibitishi kwamba nyama ni safi.

Anayeona pingili nyeupe katika kinyesi chake aende kituo cha afya, na kama ana kifafa aseme kabla ya kupewa prazikwanteli, dawa ya tegu, kwa kuwa inaweza kuchochea degedege ikiwa ubongo una vifuko.

Maganda ya mihogo na majani ya viazi yaanze kukaushwa na kuwekwa akiba ya kuwalisha nguruwe bandani mwezi wa Mei, kabla kiangazi hakijaanza.