Namna ya kusoma mashtaka ya kubaka Tanzania Bara na kuuelewa utetezi wake

Ndugu wa mshtakiwa wanapofika kwa wakili mara ya kwanza, kwa kawaida huanza na sifa za mtu wao: ni mcha Mungu, ana mke na watoto, hajawahi kugombana na jirani. Maneno hayo yanaeleweka, lakini hayajibu hata jambo moja kati ya yale ambayo Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inapaswa kuyathibitisha. Utetezi huanzia kwenye hati ya mashtaka, na yeyote anayetaka kuielewa kesi ya namna hii, awe mshtakiwa, mzazi wa mtoto aliyedhuriwa au mtu anayefuatilia tu, aanzie hapo. Ninayoeleza yanahusu Tanzania Bara, ambako makosa haya yamo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kama ilivyorekebishwa mwaka 1998 na sheria mahususi ya makosa ya kujamiiana. Zanzibar ina sheria zake. Maelezo haya hayachukui nafasi ya wakili, na asiye na uwezo wa kumlipa aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Soma hati neno kwa neno

Hati ina sehemu mbili za kuangaliwa: kosa lenyewe pamoja na vifungu vyake, kisha maelezo ya kosa, yanayotaja nani alimtendea nani, lini na wapi. Tazama vifungu kwanza. Kifungu cha 130 kinaeleza kubaka kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ina aya yake. Iko aya ya mwanamke ambaye hakuridhia. Iko ya yule aliyeridhia kwa sababu ya nguvu, vitisho au hofu. Iko ya asiye na akili timamu au aliyeleweshwa. Iko ya aliyedanganywa kuwa mwanamume yule ni mume wake. Ya mwisho, ambayo kwa maoni yangu ndiyo watu wanaielewa vibaya kuliko zote, inamhusu msichana aliye chini ya miaka 18. Kwa huyu, asipokuwa mke wa mshtakiwa, ridhaa haihesabiki kabisa, na mshtakiwa anayesimama kizimbani akasema “tulipendana” huwa amekiri tendo bila kupata kinga yoyote. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2006 imemwekea mlango mwembamba mtu aliyedanganywa na mtoto kuhusu umri wake na ambaye alikuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba ametimiza miaka 18. Kifungu cha Tanzania cha kubaka hakina mlango wa namna hiyo.

Kwa hiyo, kujua ni aya ipi iliyotajwa ni kujua kesi itabishaniwa wapi. Zamani hati iliyokosea aya ingeweza kumtoa mtu gerezani, lakini tangu mwaka 2019 Mahakama ya Rufani imeonyesha kwamba kosa hilo linaweza kutibika iwapo maelezo ya kosa na ushahidi vilimwezesha mshtakiwa kuelewa anachojibu. Kasoro ya hati ni hoja ya kuungia nyingine, na si ya kutegemewa peke yake.

Angalia pia kama kuna shtaka la pili. Kubaka kwa kundi, kulawiti, unyanyasaji mkubwa wa kijinsia na kujamiiana na maharimu ni makosa yanayojitegemea. Aidha, tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30, na hapo upande wa mashtaka unatakiwa kuonyesha kwamba msichana alikuwa mwanafunzi kweli na kwamba mimba ni ya mshtakiwa. Adhabu ya mtu mzima anayetiwa hatiani kwa kubaka haipungui miaka 30 na inaweza kufika kifungo cha maisha. Mtoto aliyebakwa akiwa chini ya miaka 10, ni maisha. Kijana wa miaka 18 au chini yake anayetiwa hatiani kwa mara ya kwanza sheria inamtengea viboko.

Jamhuri inatakiwa kuthibitisha nini

Mzigo wa kuthibitisha, pasipo kuacha shaka la msingi, hauhami kutoka kwa Jamhuri. Mshtakiwa hadaiwi kuthibitisha kwamba hakutenda. Inatosha utetezi wake uache shaka lenye mashiko.

Umri, pale unapokuwa nguzo ya shtaka, hauthibitishwi kwa kutajwa kwenye hati wala kwa hakimu kumtazama mtoto. Mzazi, ndugu, daktari, mwalimu au mwathirika mwenyewe anaweza kuuthibitisha kwa ushahidi, au kiletwe cheti cha kuzaliwa. Kesi nyingine zimeanguka kwa sababu tu hakuna shahidi aliyeulizwa mtoto alizaliwa lini.

Kuingiliwa ni nguzo nyingine. Sheria inasema kupenya hata kidogo kunatosha, na haidai alama za majeraha kama dalili kwamba mwanamke alijihami. Ugumu huwa katika lugha. Mtoto wa miaka saba husema “alinifanyia tabia mbaya” au “aliniwekea dudu lake”, na wapo watu wazima ambao heshima na malezi haviwaruhusu kutaja viungo mbele ya umati. Kulikuwa na kipindi ambacho hukumu zilitenguliwa kwa sababu maneno hayo yalionekana hayaelezi tendo. Baadaye Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba mila, umri na haya vina nafasi yake, na kwamba tafsida inayoeleweka kwa wote waliomo mahakamani inaweza kutosha. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza, na mtu hujiuliza ni tafsida ngapi zilipotea njiani. Wakili anayepitia mwenendo wa zamani, yaani kumbukumbu za kesi, asisahau hilo.

Kisha kuna ushahidi wa mwathirika mwenyewe, ambao tangu hukumu maarufu ya mwaka 2006 umehesabiwa kuwa ushahidi bora kuliko wote katika makosa haya. Mahakama inaweza kutia hatiani kwa neno lake peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mtoto wa miaka 14 au chini anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Kusubiri kipimo cha vinasaba, kama ndugu wengi wanavyofanya wakiamini kesi haiwezi kusimama bila hicho, ni kujidanganya: mahakama zimesema mara nyingi kwamba si sharti.

Fomu ya polisi namba 3, ile PF3 ambayo daktari huijaza baada ya kumpima mwathirika, nayo hupewa uzito kuliko inaostahili. Inaweza kuonyesha kwamba mtu ameingiliwa au ameumizwa. Haiwezi kusema nani alifanya. Mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aliyeiandika aitwe na kuulizwa maswali. Fomu iliyopokelewa kama kielelezo bila kusomwa kwa sauti mahakamani huweza kuondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa, ingawa maelezo ya mdomo ya daktari, kama aliyatoa, hubaki.

Utetezi na wakati wake

Utetezi wa kutambuliwa kimakosa una nguvu pale tukio lilipofanyika usiku na mtendaji akawa mgeni kwa mwathirika. Tangu mwaka 1980 mahakama huuliza mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, umbali ulikuwaje, walitazamana kwa muda gani, na kama walifahamiana kabla. Kusema “kulikuwa na taa” bila kueleza ni chemli au balbu kunaacha pengo. Sambamba na hilo, mwathirika aliyemtaja mtu mapema huaminiwa zaidi, na aliyechelewa bila maelezo huzua maswali; lakini mtoto aliyetishiwa kuuawa ana maelezo, na wakili mwangalifu hapuuzi hilo.

Anayedai alikuwa mahali pengine siku ile atoe taarifa kabla ya usikilizwaji kuanza, au angalau ampe mwendesha mashtaka maelezo yake kabla upande huo haujafunga ushahidi. Akinyamaza mpaka zamu yake ya kujitetea, mahakama ina hiari ya kutoupa utetezi huo uzito wowote.

Hapa ndipo wengi wasio na wakili huangukia. Mtu anakaa kimya mashahidi watano wakipita, kisha anajitetea kwamba kesi imetungwa kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Hakimu atauliza kwa nini hakumdodosa baba wa mtoto kuhusu shamba hilo wakati baba huyo akitoa ushahidi. Asiyehoji jambo la msingi huchukuliwa kuwa amelikubali, na kisa kinachojitokeza mwishoni huitwa wazo la baadaye. Ugomvi, deni, uchumba uliovunjika, chochote kile, kiulizwe kwa shahidi anayehusika, siku hiyo hiyo.

Ridhaa inabishaniwa tu pale mwanamke ni mtu mzima, na hata hapo ukimya au kutokupiga kelele si ridhaa.

Kumalizana nyumbani si utetezi. Kesi ni ya Jamhuri. Mlalamikaji hawezi kuifuta kwa ng’ombe wawili na barua ya msamaha, na uamuzi wa kuiondoa uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Ndugu wanaomfuata shahidi ili abadili maneno huweza kujikuta nao wakishtakiwa.

Hukumu ikitoka, saa inaanza kuhesabu. Anayetoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu atoe kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha awasilishe sababu zake ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, kusudio ni ndani ya siku 30. Mfungwa hupitishia nyaraka hizo kwa mkuu wa gereza, na aombe nakala yenye tarehe zilipopokelewa, kwani tarehe hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza.